Mahari ya Kila Mwaka

Lusekelo mwanangu, nimesikia
umeona pikapu nyeupe pale Uyole,
mwenyewe anataka milioni tisa, unazo nane na nusu,
na usiku hulali.
Nami sikulala, mwaka ule.

Ngoja nikwambie ambacho muuzaji hakukwambia
alipokuwa akilipiga boneti kofi
kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani.
Bei ni ya siku moja.
Mwaka una siku nyingine.

Yangu niliinunua Agosti, viazi vikiwa na bei.
Nikashuka nayo kutoka Isongole, ukungu mpaka kwenye vioo,
honi moja kwa moja hadi kwa mama mkwe.
Alitoka na blanketi begani, akaizunguka mara mbili,
akauliza: "Na hiki kinakula nini?"
Nikacheka. Nikasema, mafuta tu.

Januari ikaja na meno yake:
ada ya Tumpe, mbolea, miche ya parachichi,
na bima, ambayo mwenye gari wa kwanza
aliikata Januari, nami nikairithi tarehe
kama mtu anavyorithi deni la baba.
Stika ya usalama nayo. Leseni ya kubebea mizigo nayo.
Na maegesho ya Mwanjelwa, Lusekelo,
yale ya "nashusha gunia moja tu, narudi":
yalikuwa yamejikusanya kimya kimya kwenye namba ya gari
kama chawa kwenye mshono.

Gari likalala uani wiki saba.
Kuku akatagia kiti cha dereva.
Mayai kumi na moja. Niliyahesabu,
maana hapakuwa na hesabu nyingine iliyokuwa ikiongezeka.
Viazi vya watu nikavitazama
vikipita kwenye magari ya watu.

Ni Subilaga aliyechukua daftari la mtoto,
akalifungua kwa nyuma.
Hakuandika shilingi. Aliandika magunia.
Bima ndogo: mawili na debe.
("Na bima kubwa?" nikauliza.
"Hiyo tuiache mpaka gari liwe changa kuliko wewe.")
Leseni: moja na nusu.
Stika: ndoo, wala haijai.
Tairi mbili kabla ya mvua za Novemba: sita.
Maegesho: "Hapa sijui. Wewe ndiye unayejua unaposimama."
Akaweka mawili, akanitazama.
Akajumlisha, akagawa kwa kumi na mbili:
gunia moja kila mwezi, na vumbi.
"Gunia hili," akasema, "si letu.
Hata likilala humu ndani, si letu."

Kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.
Sitakudanganya: Aprili tulichota.
Msiba wa Mwaisumo, na rambirambi haisubiri.
Mei tukarudisha nusu. Juni nusu nyingine,
pamoja na maneno.

Kwetu ng'ombe wa mahari wana mwisho.
Hata wakwe wakali siku moja husema,
basi, mke ni wako.
Gari halisemi basi.
Kila mwaka linarudi kukaa sebuleni, limekunja nne,
linauliza wale ng'ombe wako wapi.

Jana simu ikalia: bima yako imebakiza siku tisa.
Moyo uliruka, kwa mazoea.
Subilaga akapanda kigoda, akashusha kopo,
akalitikisa sikioni pangu.
Kimya.
Nikaishiwa nguvu. Yeye akacheka mpaka akakaa chini.
"Debe tupu ndilo lenye kelele, baba Tumpe.
Hili limeshonana noti."

Basi nenda Uyole, kanunue. Sikuzuii.
Ila kwanza mwulize mwenyewe bima inaisha lini,
na namba ile inadaiwa nini mjini,
halafu utafute kopo lenye mfuniko mgumu.
Na tairi za mbele, zipapase kwa ndani.
Huwa wanazipaka dawa nyeusi.