Goti la Kulia

Gunia likining'inia kwenye ndoano
halihitaji mengi ili lidanganye.
Unalisogelea kama mtu anayetaka kusoma namba vizuri,
unauliza, watoto hawajambo?
na goti la kulia unalipenyeza chini yake, taratibu,
kama paka anayejisugua kwenye mguu wa meza.
Mshale unarudi nyuma kilo mbili.
Unaandika. Kaboni inaandika nawe.
Jioni kilo hizo zinapata jina la shemeji.

Nilijifunza msimu wangu wa kwanza, ghalani Lukuledi,
kwa karani aliyenitangulia, ambaye sasa ana nyumba ya bati
na ugonjwa wa miguu. Sisemi kitu hapo.
Nasema tu kwamba ana ugonjwa wa miguu.

Mwezi wa kumi na moja, mabibo yanaoza njia nzima,
nzi, utamu, vumbi jekundu puani,
akaja Akwinata Nammonde na nusu gunia kichwani.
Ndio mwaka wake mzima ule.
Salfa alikopa, palizi alipalilia mwenyewe,
usiku alizilinda korosho zake kwa tochi isiyo na betri,
akitumaini mwizi hajui hilo.
Nikasoma: thelathini na tisa.
Akasema, asante, mwanangu.
Risiti akaifunga fundo kwenye pindo la kanga.

Jumapili padri hakuhubiri habari za mizani.
Ningependa kusema alihubiri, ingenoga.
Alihubiri choo cha shule, dakika arobaini.
Ni pale tu katikati ya misa, kengele ndogo ilipolia,
tukapiga magoti,
na goti la kulia likagusa saruji
likalikumbuka gunia.

Sijui niliseme vipi jambo hili.
Lilikuwa goti lilelile.
Sina la kazini na la kanisani.
Mungu alinipa mawili tu, na la kushoto halikuiba,
lilisimama tu pembeni, likijua.

Si kwamba nilitubu palepale. Msinipambe.
Nilirudi nyumbani, nikala ugali kwa kisamvu, nikalala mchana.
Jumatatu nilipima magunia kumi na manane,
na kwenye la tisa goti likaenda lenyewe,
kama mbuzi aliyezoea shamba la jirani.
Jumanne nikaanza kusimama hatua mbili kutoka mizani.
Watu wakadhani macho yangu yamepona.

Malipo ya mnada yalipotoka nikaenda kwa Akwinata.
Nilimkuta anabangua za kula nyumbani,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Nikatoa elfu sita. Nikasema, zile zilikuwa arobaini na moja.
Hakuinuka.
"Najua," akasema. "Nilizipima dukani kwa Fulgensi kabla sijaja."
"Mbona hukusema?"
"Ningemwambia nani? Karani ni wewe."

Akapiga hesabu kwa midomo.
Bei ilikuwa elfu mbili na mia tisa.
Akafungua fundo la kanga,
akanirudishia mia mbili.
"Hiyo si yangu."

Sarafu ile ninayo mpaka leo.
Haijanunua hata kiberiti.
Daftari langu lina majina sitini na matatu,
nimefika la kumi na moja.
Wa kumi na mbili, Damasi, amekwisha kufa,
mwanawe yuko Mtwara mjini na hapokei simu.
Baiskeli nimeuza. Hilda, mke wangu, huniuliza
kama toba nayo ina makato.

Usiku nikisali sianzi tena na maneno.
Naanza na goti la kulia.
Naliweka chini polepole, kwenye udongo mtupu,
nangoja
lipimwe.