Gramu Thelathini na Nne

Duka la Sigmund zamani lilikuwa zizi.
Hata leo pua yangu inawanusa ng'ombe
chini ya harufu ya nta na manyoya ya tausi.
Borghild amekaa kwenye kigoda cha kukamulia,
mkono wake wa kulia umelala pajani
kama mgeni ambaye hajaambiwa aende au abaki.

Tangu kiharusi cha Februari
fimbo yake ya mkono mmoja imetundikwa ukutani.
Nimeleta hii ya mikono miwili,
futi kumi na tatu, namba nane,
niliyoinunua kwa mjane kule Meldal
ikiwa tupu: haina rili, haina mshipi,
ndefu na bubu.

"Nipe rili nyepesi," nikasema, "nyepesi kuliko zote."
Sigmund akanitazama kama niliyeagiza pilipili isiyowasha.
Akaifunga ile nyepesi kitakoni mwa fimbo,
akamwomba Borghild kidole, akakiweka chini ya mpini.
Ncha ikaenda chini, ta! sakafuni.
Akaifunga nzito, ya gramu mia tatu na arobaini.
Fimbo ikalala juu ya kidole kimoja,
ikatikisika, ikatulia.
"Uzito ukikaa chini," akasema, "huku juu hakuna wa kuubeba."

Hilo nilikubali. Kwenye mshipi tukabishana.

Mimi nilitaka ule mrefu aliotumia baba yangu,
mita ishirini za tumbo nene
zinazokunjuka juu ya Orkla bila haraka,
na zikishatua huna la kuvuta,
unainua tu, unarusha tena.
Unainua tu.
Nani atainua?

Sigmund akatoa kichwa kifupi,
mita kumi na moja, gramu thelathini na nne.
"Nyuma yenu kule kuna misonobari, huu hauombi nafasi.
Wala hauombi bega. Mkono wa juu ni egemeo,
wa chini ndio unaovuta.
Ila kila ukirusha, sharti uurudishe ule uzi mwembamba,
mvuto kwa mvuto,
kushoto kuvute, kulia kubane."

"Kubane kwa kitu gani?" nikauliza,
kwa ukali ambao sikuukusudia.

Borghild akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto,
akaupandisha kaunta, katikati ya risiti na ndoana.
Kidole cha shahada kikasogea.
Cha kati kikakifuata kwa kujivuta,
kama watoto walioamshwa mapema waende shule.
"Leteni uzi."
Sigmund akauvuta. Ukateleza.
Akauvuta tena. Ukateleza kidogo,
ukashika.

Mkono mmoja haulei mwana, tunaambiwa.
Hatukuambiwa kwamba miwili lazima iwe sawa.

Ikabaki rili.
Moja ilikuwa mpya na kimya, breki laini kama samli,
bei yake ningeweza kupaka rangi nyumba nzima.
Nyingine ilikuwa nzee, yenye mikwaruzo, nzito vilevile,
ndani mna springi na meno mawili, basi.
Borghild akaizungusha: krrrrrr!
Paka wa dukani akaruka dirishani.

"Hii."
"Haina breki, Borghild."
"Breki ni kiganja changu."
"Ina kelele."

Akanigeukia. Upande mmoja wa uso wake ulitabasamu,
ule mwingine ukajaribu.
"Nikiingia mtoni usiku, Oddvar, wewe hukaa garini,
umezima taa, unajifanya umelala.
Samaki akishika, nataka usikie.
Usikie,
halafu usije."

Sigmund akaifungua, akayageuza meno
ili mpini uzungukie kushoto.
Kisha akaweka mita mia mbili za uzi wa akiba,
na kwa kuwa mashine yake ilikuwa mbovu,
Borghild alizungusha mwenyewe, polepole,
na mimi nikasimama upande wa pili wa chumba
nimeshika penseli iliyotiwa kwenye tundu la kibiringo.

Uzi ulitoka kwangu ukaenda kwake.
Nilishika penseli. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa.