Kipande cha Mkaguzi

Kwenye fomu ni nambari 4417, lakini jina nalijua.
Nyamweya, mkaguzi wa majengo,
aliyekuwa akipita Tassia na kopo la rangi nyekundu
akichora X ukutani: bomoa.

Kipande cha utumbo wake kimelala ndani ya nta.
Nakikata chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nakiacha kielee juu ya maji vuguvugu,
nakiokota kwa kioo,
nakivika zambarau, nakivika waridi.
Ni saa kumi na moja alfajiri. Chini, Ngara inapiga miayo,
mtu anakokota mkokoteni wa viazi na kuutukana.

Nilifundishwa hivi: seli njema inajua kufa.
Ikikosea kunakili maandiko yake
huambiwa basi, nayo hujikunja,
hujikatakata vipande vya kumezwa na majirani,
bila kelele, bila matanga.
Kila siku mabilioni hutuaga hivyo
nasi tunapiga mswaki.

Hii haikuaga.
Herufi moja ilipinda, baadaye ikapinda ya pili
(si juzi; labda miaka kumi,
labda bado alikuwa refa wa timu ya mtaa).
Ikaambiwa basi, ikajifanya kiziwi.
Ikawa mbili. Mbili zikawa nne.
Hesabu ya darasa la pili, ila kengele haigongwi.

Chini ya lenzi viini ni vikubwa, vyeusi,
hakuna kinachofanana na mwenzake,
vimebanana kama madirisha ya plotini
ambako nguo za huyu hukaukia puani mwa yule.
Orofa juu ya orofa, ramani hakuna.
Za katikati zinakosa hewa,
na zikikosa hewa huita kwa kemikali,
na mishipa ya damu, kwa wema wake, huja,
kama fundi wa usiku
anayevuta stima ya wizi kutoka nguzo ya serikali.

Daktari Rehana anaweka nukta ya wino. "Umeona?"

Nimeona.
Kuna utando chini ya seli, mwembamba, wa heshima,
mpaka usiovukwa.
Seli moja imetoa mguu.
Mbele yake mfereji wa limfu,
na ndani ya mfereji, tatu, zimeshikana.

Safari yenyewe si rahisi.
Mkondo unazipasua, chembe nyeupe zinazila,
zikiondoka elfu kumi huenda ikafika moja,
na hiyo moja inabisha hodi kwenye ini
mahali ambapo lugha ni nyingine.
Si kila udongo hupokea kila mbegu.
Mara nyingine inalala. Mwaka. Mitano.
Haizai, hailipi kodi.
Halafu asubuhi moja, mwenyewe akiinama kufunga viatu,
chini ya mbavu za kulia panakuwa pazito.

Jengo letu alilichora X nikiwa kidato cha pili.
Mwenye nyumba akapaka chokaa juu yake.
Nyamweya akarudi, akachora.
Chokaa tena.
Mara ya tatu alikuja na kiti, akaketi mlangoni
hadi mama, akimtukana kwa lugha mbili,
akatoa godoro la mwisho.
Ijumaa jengo likapiga magoti.
Hatukumtafuta kumshukuru. Mama bado alimdai
sufuria iliyopondeka wakati wa kuhama.

Sasa naandika ripoti, na ripoti haina vivumishi.
*Uvamizi hadi kwenye misuli. Kingo: ziko salama.*
Tezi kumi na mbili zimetolewa, moja moja,
ndogo kama dengu.
Kumi na moja nimezisoma; mbili zina wageni.

Pambazuko limefika kwenye kioo cha dirisha.
Daktari anasema niende nikanywe chai.
Naipeleka ya kumi na mbili chini ya lenzi,
naisoma kutoka kona hadi kona,
sioni kitu,
naisoma tena,
navuta kiti karibu, naisoma mara ya tatu.