Siku ya Kumi na Moja

Nusu kidonge, chai ya rangi,
mdomo mkavu kama chaki.
Daktari wa Makadara alisema: wiki tatu, nne,
usihesabu siku.
Nahesabu.

Tononoka, ubao wa mji mdogo.
Askari anisukumia kigari cha kuchezea:
"Ingia raundabauti, toka njia ya tatu."
Vidole vyatetemeka, kigari nacho.

Kisha gari la kweli, kilima cha Kizingo,
Mwalimu Chengo kiti cha nyuma, kimya.
Jana alinambia: klachi iachie polepole,
utaisikia ikishika.
Ukiipapia, itazima.

Ikazima.

Askari akaandika kitu.
Nikawasha tena. Mguu juu, kidogo,
kidogo,
hadi chuma kikaguna chini yangu.

Sijui kama nimepita.
Kesho, nusu nyingine.