Swali la Saba

Kituo chetu kina vyumba vitano
na dirisha moja linaloiona barabara.
Saa nane mchana barabara haikuwapo.
Bonde la Bani Auf limeshuka na kila lilichokikuta:
magogo ya mitende, matope, tangi la maji la mtu
likipita taratibu kama linakwenda sokoni.

Mimi niko kwenye swali la saba.
Kishkwambi kina plasta pembeni, kilianguka Ramadhani.
*Mama amejifungua. Damu haikatiki. Utaanza na nini?*
Majibu manne. Kidole kiko hewani.
Mlango ukagongwa kwa teke.

Bi Zayana mbele, nyuma yake mwanawe
kambeba mkewe, matope mpaka magotini.
Mtoto hakunisubiri nivae glavu.
Akalia. Tukacheka. Kondo likafuata.
Kisha shuka likaanza kubadilika rangi.

Daktari yuko Rustaki, ng'ambo ya maji.
Helikopta inangoja wingu lipishe.
Mtandao mstari mmoja, unakuja, unakwenda,
na ndani ya mstari ule Bi Thuwaiba, yuko Nizwa,
aliyenifundisha miezi mitatu kwa mdoli wa mpira
bila kunigusa mkono hata siku moja.

Picha ikaganda, mdomo wazi. Sauti ikabaki.
Alianza kwa Kiarabu cha vitabuni,
akasikia ninavyohema, akakiacha,
akanishukia na Kiswahili cha jikoni kwa mama:
"Kanda tumbo, mwanangu. Kiganja kama kikombe.
Likiwa laini kama andazi bichi, usiache.
Likiwa gumu kama danzi, nambie.
Sindano?"
Nimeshapiga.
"Kibofu?"

Kibofu nilikisahau.
Nikafungua kinywa nimwambie.
Mstari ukakatika.

Mdoli hakuwahi kuwa na joto.
Mdoli hakuwahi kunishika kanzu
akaniuliza kama atamwona mwanawe akitambaa.
Nikatoa mkojo, nikarudi tumboni, nikakanda.
Bi Zayana kainua dripu kama mtu anayemulikia wezi.
Dakika ngapi, sijui.
Saa ya ukutani ilikufa betri tangu Rajabu.

Danzi.

Nikalisema kwa sauti, tena, na tena,
na Ruqaya, asiyejua neno la Kiswahili,
akafumbua macho akitazama mlangoni
kuona huyo ninayemwita ni nani.

Alfajiri helikopta ikawachukua.
Nikapiga deki mara mbili, nikawasha kishkwambi.
Mtandao umejaa tele,
mgeni anayefika sufuria zimeshaoshwa.
Kikaniandikia kwa wekundu, kwa adabu zote:
*Umetumia saa kumi na tano kwenye swali hili.
Somo halijakamilika. Alama: sifuri.*

Sikubishana nacho.
Nikamwandikia Bi Thuwaiba neno moja, danzi,
nikijua atalisoma akiamka.

Jibu likaja kabla sijakiweka chini.
Kumbe hakulala.
"Alhamdulillahi. Na kibofu?"