Kimulimuli

Betsukai, mwezi wa pili, saa kumi na moja alfajiri.
Theluji imepanda hadi kwenye vioo vya zizi.
Fumie Kuramoto ananisubiri na ndoo ya maji moto,
taulo begani, na neno moja:
"Hashiki."

Hotaru jina lake, yaani kimulimuli,
kwa kile kidoa cheupe cha pajini.
Leo siku ya arobaini na moja tangu azae mapacha.
Kondo la nyuma lilikwama siku tatu,
na jirani, kwa wema wake, akalivuta.
Wema nao una mikono mizito.

Ukutani, kando ya kalenda ya ushirika,
ipo namba ya mnunuzi wa ng'ombe wa nyama.
Fumie hajaipiga.
Ila kaibandika kwa gundi, si kwa pini.

Navaa glavu hadi begani.
Hokkaido yote asubuhi hii haina joto kama humu.
Mkono hauna macho, una kumbukumbu:
shingo ya mfuko wa uzazi, hii hapa;
pembe ya kulia imeanza kurudi kimo chake,
ya kushoto bado nene, imelegea
kama soksi iliyojaa maji.
Nachota ute, nautandaza juu ya plastiki nyeusi.
Mawingu meupe, mawingu, mawingu.
Naunusa. Ndiyo, tunanusa.
Fumie anautazama uso wangu, si mkono.

"Si tasa," namwambia.
"Nyumba imejaa moshi. Mgeni atakaaje?"

Mrija, dawa, polepole.
Sindano ya homoni shingoni.
Na maziwa yake yamwagwe, yasiguse tangi,
hadi siku nitakayosema.
Hapo ndipo anaguna, si kwenye bei.
"Kumwaga maziwa," anasema,
"ni kurudisha barua bila kuifungua."
Lakini keshainama,
anamfunga Hotaru utepe mwekundu mguuni.

Wiki tatu na ushei. Simu, usiku wa manane:
"Amesimama! Wenzake wanampanda, naye katulia tuli!"
Kisha, kwa sauti ndogo: "Samahani kwa usingizi wako."
Nilikuta uzi wa ute unaning'inia,
safi, mrefu, mng'avu kama ute wa yai.

Mbegu ya kwanza haikushika.
Naliandika na hilo,
kwa sababu mashairi hupenda kuruka mzunguko.
Siku ishirini na moja, akarudi kwenye joto.
Tukapanda tena, mvua ya barafu ikigonga bati.

Mwezi wa tano, matope hadi vifundoni,
nikaingiza kipimo, nikamgeuzia Fumie kioo.
Giza, giza, mkunjo wa kijivu,
kisha nukta inayowaka na kuzima,
kuwaka na kuzima.
Hakusema kitu. Alikwenda kuosha ndoo
iliyokwisha oshwa.

Namba ya mnunuzi ingali ukutani; gundi ni gundi.
Juu yake pameandikwa, kwa kalamu ya risasi,
hafifu, ya kufutika:
Januari, tarehe tatu.