Senta

Mwaka wa kwanza, Shigela alikuwa mrefu tu.
Mpira ulimpita mikononi, chuo kizima kikacheka, wapishi nao.
Viatu vyake, namba arobaini na saba,
vilitoka mnadani Ipuli, vyote viwili vya kushoto.

Wa pili akajifunza kusimama.
Kazi ya senta ndiyo hiyo: kusimama
pale kila mtu anapotaka kupita,
kula viwiko, kunyamaza,
kuukwapua mpira ukigonga ubao
na kumpa mfupi mwenye mbio, apigiwe makofi yeye.
Siku ya wauguzi, ribaundi kumi na tisa.
Nilizihesabu mimi, kwa vijiti vya kiberiti.

Wa tatu, goti.
Lililia kavu, kama tawi la mninga wa Septemba.
Kitete wakalifunga, wakasema basi.

Sasa anafundisha hesabu Sikonge.
Tarehe huiandika juu kabisa ubaoni,
na wa zamu ya kufuta huruka, huruka, chaki puani,
mwalimu kaketi, goti kalinyoosha, kimya.
Juzi Nyanzala wa darasa la sita
aliifuta yote, akatua kwa miguu miwili.

Shigela akamuuliza namba ya kiatu.